Kosa la Mashine ya Boti Litengenezwe Pwani

Haya ni maneno ya mazungumzo kwa wavuvi, manahodha, mafundi na wenye vyombo wa Likoni, Kisauni na Changamwe.

Mabwana manahodha, mabwana mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza kazi,

Nimetakiwa kusema nanyi juu ya makosa yatokeayo katika kutengeneza mashine za boti: namna ya kuyaepuka, na namna ya kujikomboa yakiisha kutokea. Wengi wenu mmeshika spana tangu utoto, wala sikuja kuwafundisha kushika spana. Nataka tuyapange pamoja mambo mnayoyajua, ili kila mmoja akirudi kwake awe na desturi moja ya kufuata.

Mji wa Mombasa ni kisiwa, na sisi tukaao bara tumeuzunguka: Likoni kusini, Kisauni kaskazini, Changamwe magharibi. Kila upande una maji yake. Watu wa Timbwani na Mtongwe wanao mlango wa Kilindini. Watu wa Kisauni wanayo hori ya Tudor na bahari ya Nyali na Bamburi. Watu wa Changamwe, na jirani zao wa Mikindani na Jomvu, wanazo hori zenye mikoko. Zamani chombo kilikwenda kwa tanga na kasia, na tanga likichanika kila mtu hulitazama. Siku hizi vyombo vingi vina mashine, na ubovu wa mashine umefichika ndani ya chuma. Fundi akikosea leo jioni, nahodha hajui mpaka kesho alfajiri, naye yu katikati ya maji.

Mlango wa Likoni si mpana. Ni kama nusu kilometa tu. Lakini kila meli ya shehena iingiayo Kilindini hupita hapo hapo, na meli kubwa haiwezi kusimama ghafula wala kuzunguka kwa ajili ya mashua iliyozimika. Tena wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake hukokota chombo kisicho na nguvu kama unavyokokota kifuu cha nazi. Wenyeji wa Likoni hawakusahau tarehe 29 Aprili 1994, siku ilipopinduka feri ya Mtongwe, wakafa watu 272. Msiba ule ulitokana na wingi wa watu, haukutokana na mashine. Illakini ulitufundisha kwamba kuwa karibu na pwani si kuwa salama. Maji ya hapa hayampi mtu nafasi ya kusahihisha kosa lake.

Basi neno langu lote ni hili: kosa la mashine litengenezwe pwani, nalo haliwezi kutengenezwa pwani ila kwanza lionekane, na halionekani ila mwenye kulifanya alitaje. Hakuna fundi asiyekosea. Fundi mzuri ni yule ambaye makosa yake hayafiki baharini.

Na tutazame kwanza jinsi ya kuepuka.

Jambo la kwanza ni mahali pa kazi. Makosa mengi huanzia mchangani. Mashine hufunguliwa ufukweni, upepo wa kusi unavuma, mchanga unaingia penye oili, na nati moja inaanguka na kupotea. Tandikeni turubai safi. Wekeni makopo mawili matatu, kila sehemu ya mashine na kopo lake, wala msichanganye nati za giaboksi na nati za kabureta. Ikiwa kazi hufanywa chombo kikiwa majini, fungeni kila chombo cha kazi kwa uzi mkononi au kwenye taruma, maana spana iliyozama haina faida kwa mtu. Na kabla ya kugusa rafadha, ondoeni nyaya za plagi, ili mashine isije ikawaka na kumkata mtu vidole. Penye betri, ondoeni kwanza waya wa hasi, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Oili chafu itiwe katika dumu, isimwagwe katika mikoko; samaki wadogo na kamba hukulia humo, nanyi ndio mtakaokuja kuwatafuta.

Jambo la pili ni kukumbuka. Kichwa cha mtu si daftari. Siku hizi karibu kila kijana ana simu yenye kupiga picha. Basi piga picha kabla ya kufungua, piga tena kila hatua. Asiye na simu ya namna hiyo atie alama kwa rangi au kwa msumari. Ukiona umemaliza kufunga na mkononi imebaki washa moja au springi moja, usiitupe ukasema mashine haikuihitaji. Aliyeitengeneza mashine hakutia kitu cha pambo. Fungua tena, hata kama jua limekuchwa.

Jambo la tatu, usifungue usichokuwa na sababu ya kukifungua. Mara nyingi mashine nzima imetawanywa juu ya turubai, na kumbe ubovu ulikuwa mdogo: kamba ya kuzimia mashine haikuchomekwa mahali pake, au tundu la hewa la tangi limefungwa, au maji yameingia katika petroli. Anzeni na mepesi. Tazameni kamba, tundu la hewa, mpira wa petroli, chujio, kisha plagi. Yakiisha hayo bila mafanikio, ndipo mfungue. Kila mara mashine ifunguliwapo, mlango wa kosa jipya nao hufunguliwa.

Jambo la nne ni hesi, yaani zile nyuzi za skrubu. Sehemu nyingi za mashine ya kupachika ni aluminiamu, nayo ni laini. Plagi au bolti ikianzwa kwa spana hali imekaa upande, hula nyuzi, na tundu limeharibika. Anzeni kila bolti kwa vidole, mizunguko mitatu minne. Ikikataa, itoeni mwanze upya. Kisha pakeni grisi isiyoyeyuka kwa maji, maana chumvi ya bahari hugandisha bolti hata ikatae kutoka mwakani.

Jambo la tano ni mafuta. Mashine nyingi za mipigo miwili hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Yaani lita 25 za petroli kwa nusu lita ya oili, au lita 10 kwa mililita 200. Lakini ziko zitakazo zaidi, na mashine mpya hutaka oili nyingi zaidi katika saa zake za mwanzo. Kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Mashine ya mipigo minne haichanganywi kabisa. Oili yake ina mahali pake. Msipime kwa kukadiria wala kwa rangi. Chukueni chupa yenye alama, na andikeni juu ya dumu: imechanganywa, au haijachanganywa.

Katika giaboksi ya chini iko desturi ambayo wengi huikosea. Kuna skrubu mbili, ya juu na ya chini. Oili hutiwa kwa tundu la chini, ikipanda mpaka itokeze tundu la juu. Ukiitia kwa juu, hewa hubaki ndani ukadhani pamejaa. Ikiisha kujaa, funga kwanza skrubu ya juu, halafu ya chini, na oili haitamwagika. Washa zake ziwe mpya.

Jambo la sita ni kazi iliyoachwa nusu. Hili limeua watu wengi katika ulimwengu, hata mahali penye wataalamu wakubwa. Tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Scotland, palikuwa na jukwaa la kuchimba mafuta na gesi liitwalo Piper Alpha. Mchana mafundi walitoa valvu ya usalama ya pampu moja, wakafunika mahali pake kwa kifuniko cha chuma, kazi ikabaki ya kesho. Watu wa zamu ya usiku hawakupata habari ya valvu ile. Pampu ya pili iliposimama, wakaiwasha ile ya kwanza. Gesi ikatoka, ukatokea mlipuko, na watu 167 wakafa. Habari ya valvu iliandikwa kwenye karatasi, lakini karatasi haikuwafikia waliohitaji kuisoma.

Sisi hapa hatuna jukwaa la mafuta, lakini tunayo desturi ile ile. Fundi hulegeza kitu, huitwa kula, mara nahodha huja akachukua boti. Basi ikiwa kazi haijesha, ondoeni kamba ya kuzimia mkae nayo, na fungeni kitambaa chekundu juu ya mashine. Iwe sheria kati yenu: penye kitambaa chekundu hapana mtu awashaye, hata akiwa ndiye mwenye chombo, mpaka aliyekifunga akifungue kwa mkono wake.

Sasa nafika kwenye majaribio. Kazi haikwisha mashine inapofungwa, imekwisha inapojaribiwa. Msiwashe mashine kavu, hata kwa kusikia mlio tu. Ndani ya pampu ya maji mna feni ya mpira, nayo hupozwa na maji yale yale inayoyavuta. Ikizunguka kavu huungua kwa muda mfupi sana. Tieni mguu wa mashine katika pipa la maji matamu, iwasheni, kisha tazameni ubavuni. Mfereji mdogo wa maji ukitoka kwa nguvu, pampu inafanya kazi. Usipotoka, zimeni mara moja. Mara nyingi fundi aliyebadilisha feni amesahau kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga kwenye mhimili wake. Mashine yazunguka, feni imekaa kimya. Kosa hilo katika pipa ni hasara ya nusu saa. Kosa hilo hilo nje ya mwamba wa Nyali ni hasara ya mashine, na pengine ya watu.

Baada ya pipa, fungeni boti gatini kwa kamba imara, mtie gia, mashine ivute kwa robo saa. Mashine nyingi hunguruma vizuri zikiwa bure, lakini zikipewa mzigo husema kweli. Ndipo muende safari fupi ndani ya hori, maji yakiwa yamesimama, bila abiria na bila nyavu, lakini mkiwa na kasia, nanga, majaketi ya kuokolea, na simu katika mfuko usioingia maji.

Hayo ni ya kuepuka. Sasa tuseme kosa limekwisha tokea. Kanuni ya kwanza ya kujikomboa ni kusimama. Mtu aliyekosea hufanya haraka ya kulifuta kosa, na haraka hiyo huzaa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza. Bolti imegoma, anaiongezea nguvu, inakatika. Sasa badala ya bolti ngumu ana bolti iliyokatika ndani ya mashine. Weka chini spana. Tia oili ya kupenya, gonga polepole, iache hata usiku kucha, kisha jaribu tena.

Ikiwa nyuzi za tundu la plagi zimeharibika, usiilazimishe plagi iingie, wala usiifunge kwa gundi. Mpelekee fundi wa mashine mwenye vyombo vya kukata nyuzi upya na kutia kikombe cha nyuzi mpya. Gharama yake ni ndogo kuliko kichwa cha mashine.

Ikiwa dizeli imetiwa katika tangi la petroli, usiwashe. Mwaga yote katika dumu, safisha tangi, mpira na kabureta, tia petroli safi. Ikiwa petroli ilitiwa bila oili na mashine imekwisha kuwaka, izime papo hapo. Usiseme tufike kwanza. Toa plagi, tia oili kidogo ndani ya silinda, izungushe kwa mkono. Ikizunguka bila kukwaruza, pengine umeiwahi.

Mashine ikipata moto kupita kiasi, izime, uiache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi, maana chuma chenye moto kikipozwa ghafula hupasuka. Tazama tundu la kuvutia maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku katika Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini nailoni za namna nyingine zingali zinaelea katika hori zetu, na kipande kimoja hutosha kuziba. Ukifungua pampu ukakuta feni imekatika mapanga, hesabu vipande. Visivyoonekana vimekwenda ndani, navyo vitaziba njia ya maji hata ukitia feni mpya. Vitafutwe vyote.

Ukifungua oili ya giaboksi ukaikuta nyeupe kama tui la nazi, maji yameingia. Usibadilishe oili tu ukafurahi. Toa rafadha utazame nyuma yake: huenda mshipi wa kuvulia umejizungusha pale ukaukata mpira unaozuia maji. Badilisha mpira, kisha oili.

Katika mashine ya dizeli ya ndani, ukibadilisha chujio bila kutoa hewa, mashine itawaka kidogo kisha itazimika. Usimalize betri kwa kujaribu. Legeza skrubu ya hewa kwenye chujio, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, funga. Kisha fanya hivyo kwenye pampu ya dizeli. Na kabla ya kuwasha, hakikisha valvu ya maji ya bahari imefunguliwa.

Tena iko mashine iliyozama. Imeteleza tezini kwa sababu skrubu za kufungia hazikukazwa, ikaenda chini. Ikiisha kuopolewa, adui ni hewa, maana hewa na chumvi pamoja hula chuma upesi. Ioshe mara moja kwa maji matamu. Ikiwa huwezi kuishughulikia saa hiyo, izamishe katika pipa la maji matamu mpaka fundi aje. Huo si wazimu, ndio usalama wake. Kisha toa plagi, elekeza matundu chini, vuta kamba polepole maji yatoke, safisha kabureta, tia oili ndani ya silinda, rudisha plagi kavu, uiwashe siku ile ile iungurume nusu saa penye maji. Lakini ikiwa ilizama hali inawaka, au ukisikia mchanga, usiivute kwa nguvu, yapasa ifunguliwe.

Na mashine ikizimika mlangoni, meli inakuja? Hapo nahodha asianze kufungua kifuniko. Kwanza abiria wavae majaketi na wakae chini. Pili makasia yashike maji, chombo kitoke katika njia ya meli. Tatu nanga iteremshwe penye maji machache, na kamba yake iwe ndefu mara kadha kuliko kina. Nne ombeni msaada kwa simu, au kwa redio ya baharini katika chaneli 16. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu mwaka 2006. Yakiisha hayo manne ndipo mtazame mashine, mkianza na kamba ya kuzimia na tundu la hewa.

Sasa nina neno kwa wenye vyombo, nanyi matajiri nakusihini mnisikilize. Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio humwumbua. Kijana akivunja skrubu ya shilingi chache, akajua kwamba akisema atakatwa mshahara na kutukanwa mbele ya watu, atafanya nini? Ataipaka gundi, ataifunika kwa grisi, atanyamaza. Umeokoa bei ya skrubu, umeweka rehani chombo chako na roho za watu waliomo. Afadhali mwenye chombo amwambie kijana wake tangu siku ya kwanza: "Ukivunja ukasema, tutatengeneza pamoja. Ukivunja ukaficha, hatufanyi kazi tena." Wala msimharakishe fundi kwa sababu maji yanakupwa na wavuvi wanangoja. Maji yatajaa tena baada ya saa sita.

Na kila chombo kiwe na daftari lake. Andikeni tarehe, kilichofunguliwa, kilichobadilishwa, kilichokosewa, na jina la aliyefanya kazi. Watu wengine huona haya kuandika makosa. Lakini daftari lenye makosa yaliyoandikwa ni mwalimu asiyelipwa. Kijana ajaye atalisoma asirudie. Na vijana wenye hamu ya kuendelea wasiishie pwani tu. Katika Mombasa kuna chuo cha ubaharia, Bandari Maritime Academy, na elimu haimzuii mtu kuwa mvuvi.

Mabwana, sina la kuongeza ila hili moja la kufanya. Kesho, kabla ya chombo chochote kuondoka Timbwani, Mtongwe, Kisauni au Mikindani, nahodha na amwulize fundi wake maswali matatu: Umefungua nini? Umeijaribu wapi? Kuna lolote usilo na hakika nalo? Fundi asione amedharauliwa kwa kuulizwa, na nahodha asikasirike kwa jibu la tatu. Akijibu, "Bwana nahodha, ile pampu sina hakika nayo," mshukuruni, rudisheni mashine katika pipa. Chombo kitakuwa kimekawia, na watu wake watakuwa wangali pwani.